Mtoto Apewe Kishamba Chake

Kwa miaka mingi, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyechelewa kufika alipewa jembe. Aliyesahau daftari nyumbani alipewa jembe. Aliyezungumza darasani wakati wa kunyamaza, naye alipelekwa nyuma ya nyumba za walimu kulima sehemu iliyopimwa kwa hatua, huku wenziwe wakifanya hesabu. Mtoto huyo alipomaliza shule na kuwa kijana, wazee walishangaa kumwona akikimbilia mjini kutafuta kazi yo yote isiyokuwa ya shamba. Haikuwapo sababu ya kushangaa. Alikuwa amefundishwa, tena kwa bidii kubwa, kwamba jembe ni kifaa cha kumwadhibu mkosaji, na somo hilo alilishika kuliko masomo mengine yote.

Nyumbani mambo hayakuwa mbali na hayo. Kazi aliyopewa mtoto katika bustani ya mama yake aghalabu ilikuwa ile ambayo wakubwa hawakuitaka: kuteka maji mbali, kung'oa magugu juani, kuwafukuza ndege katika mtama tangu alfajiri hata jioni. Aliyechagua mbegu hakuwa yeye. Aliyeamua siku ya kupanda hakuwa yeye. Na mboga zilipouzwa sokoni, hakuna aliyemwambia zimeleta shilingi ngapi. Mtu mzima akiajiriwa kwa masharti kama hayo huacha kazi mwisho wa mwezi. Mtoto hawezi kuacha. Basi husubiri akue.

Tena liko jambo la kuku, ambalo wachache miongoni mwa waliokulia mashambani hawalijui. Mtoto hupewa kifaranga na kuambiwa, "Huyu ni wako." Humlisha, humfungia jioni asiliwe na kicheche, na humpa jina. Kuku akikua na kuanza kutaga, wageni hufika siku ya Jumapili, na kuku wa mtoto ndiye akamatwaye kwa sababu ndiye aliyenona. Wakubwa huyacheka machozi ya mtoto na kusema kwamba atapata mwingine. Lakini kilicholiwa siku ile si kuku peke yake. Mtoto amejifunza kwamba neno "chako" nyumbani kwao halina maana, na baba yake akimpa baadaye ndama, au mche wa parachichi, au kipande cha ardhi, atajiuliza moyoni kitachukuliwa lini.

Kwa hiyo kuwaingiza watoto wadogo katika kazi za bustani si njia ya kujipatia mikono ya kusaidia. Mikono ya mtoto wa miaka mitano haisaidii sana. Ukweli ni kwamba huharibu: hukanyaga miche, humwaga maji, hung'oa kitunguu akidhani ni nyasi. Mzazi ambaye haja yake ni kumaliza kazi upesi na amwache mtoto akicheze. Jambo lililo kubwa ni kama mtoto atapata kitu kilicho chake kweli, akitunze kwa akili yake, akione kikifa au kikistawi kwa sababu ya matendo yake, kisha ale au auze kilichotoka humo.

Mfano ulio wazi ni wa Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, na ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Katika kitabu cha maisha yake kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006, alieleza kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkatia kipande kidogo ndani ya shamba lake mwenyewe, akilime apendavyo. Kwa kuwa hakuwa na subira, aliyoyafanya ni yale ambayo kila mtoto huyafanya: alizifukua mbegu ili aone kama zimeanza kuota. Mama yake alimwambia azifunike tena na kuziacha zifanye kazi yao zenyewe. Mwaka 1977 mtoto huyo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mwalimu wa chuo kikuu, alianzisha Green Belt Movement, na wanawake wa chama hicho wamepanda miti kwa mamilioni. Hakuna awezaye kusema kwamba miti hiyo yote ilitoka katika kishamba kile cha Ihithe. Lakini ni vigumu vilevile kusema kwamba kishamba kile hakikuwa na sehemu yake.

Yafaa kuyatazama vizuri aliyoyafanya mama yule, ambaye alikuwa mkulima wa kijijini tu. Kishamba alikitoa ndani ya shamba lake, penye udongo uleule alioutegemea kuilisha jamaa yake. Wazazi wengi hufanya kinyume. Humpa mtoto kona iliyo chini ya mikaratusi, au mahali penye mawe ambapo hata magugu huota kwa shida, kisha mboga zikidumaa humwambia kwamba hajui kulima. Pili, alikipima kishamba kwa nguvu za mtoto. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, mtoto alipokosea hakumwondoa ili amalize kazi mwenyewe. Mbegu ikifukuliwa huenda isiote. Basi isiote. Hasara ya punje kumi za maharagwe ni ndogo mno ikilinganishwa na yale ambayo mtoto ameyajua siku hiyo.

Wakiwa na mashaka, wazazi na wakumbuke kwamba hata watu wazima hawakupata kuupenda udongo kwa amri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwaagiza watu wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo uliwaangukia wanawake. Katika mwaka 1947 wakagoma, na kazi ikasimama. Si kwamba matuta yalikuwa mabaya; udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli, na kila mtu aliuona. Huko Machakos vilevile, ambako maofisa wa miaka ya 1930 waliandika kwamba nchi imekwisha kuharibika, kazi ya kulazimishwa ilichukiwa. Lakini katika miaka iliyofuata Uhuru, Wakamba walewale, wakifanya kazi kwa vikundi vyao vya mwethya, wakiwamo wanawake wengi, walichimba matuta ya fanya juu katika milima yao yote, na watu waliotoka mbali walikuja kuyatazama. Udongo ulikuwa uleule na jembe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mahindi, kahawa na matunda yaliyostawi juu ya matuta hayo yalikuwa yao.

Mtoto naye ni mtu wa namna hiyohiyo, ila ni mfupi zaidi.

Kishamba cha mtoto wa miaka mitano au sita kisizidi upana wa mita moja, na urefu wake mita moja na nusu yatosha. Upana huo una sababu: mtoto akichutama upande mmoja aweze kuufikia mstari wa katikati bila ya kukanyaga ndani. Mipaka iwekwe kwa mawe au vijiti, na mtoto aipange mwenyewe, kwa maana mpaka ndio unaomwonyesha kwamba pale ni pake. Ndugu zake wakubwa nao waambiwe, tena mbele yake, kwamba hakuna atakayechuma humo bila ya ruhusa. Neno hilo lawabana hata baba na mama.

Mbegu ya kwanza na iwe kubwa. Vidole vya mtoto haviwezi kuzitawala mbegu za karoti, ambazo ni kama vumbi, na zaidi ya hayo karoti hukaa ardhini majuma mawili au zaidi kabla ya kuonekana. Mtoto huwa amekwisha kukata tamaa. Punje ya haragwe hushikika vizuri, na kwa joto la kutosha huchomoza katika muda wa juma moja hivi, ikiinua udongo mgongoni kama mtu anayeamka chini ya blanketi. Mbegu ya boga ni nzuri pia, na majani yake huliwa mboga kabla ya boga lenyewe kukomaa. Mchicha una mbegu ndogo, lakini huota upesi na huweza kuliwa baada ya majuma matatu au manne, jambo ambalo kwa mtoto ni kubwa kuliko ukubwa wa mbegu. Kama mtoto ataka sukuma wiki, apewe miche iliyokwisha kuoteshwa kitaluni, aipande jioni jua linapopungua.

Wakati wa kupunguza miche huleta huzuni. Mtoto aliyepanda mchicha mwingi mahali pamoja hatakubali kung'oa hata mmoja, kwani yote ni yake na yote imeota. Kumweleza kwamba mimea hunyang'anyana chakula ni vigumu. Njia iliyo rahisi ni kumwachia nusu ya mstari ibaki kama ilivyo na nusu ipunguzwe, na ile iliyong'olewa iingie chunguni jioni hiyohiyo. Baada ya siku kumi macho yake yatamwambia yaliyobaki.

Kuhusu vifaa, si lazima kununua cho chote. Jembe lililokwisha kulika, likakatwa mpini ufikie kiuno cha mtoto, latosha. Kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari hunyunyiza maji bila ya kuifukua mbegu. Panga lisitumiwe kabisa. Wadudu wa sukuma wiki waweza kuokotwa kwa mkono, na hii ndiyo kazi ambayo watoto huifanya vizuri kuliko wakubwa, kwa sababu macho yao yako karibu na majani na hawaoni haya kuhesabu viwavi kwa sauti. Vidukari huondolewa kwa majivu au kwa maji ya sabuni.

Hapa lazima kusema maneno makali kidogo. Dawa za kuua wadudu si za mtoto, wala asisimame karibu zinaponyunyizwa, wala asitumwe kuzichukua ghalani. Mwili wake ni mdogo, na kiasi ambacho humwumiza kichwa mtu mzima chaweza kumwua yeye. Mazoea ya kuhifadhi dawa iliyobaki katika chupa ya soda ni hatari isiyo na udhuru. Mtoto huijua chupa ile kwa rangi na umbo, hajui kusoma kilichoandikwa. Mboga zilizonyunyizwa zisiliwe mpaka siku zilizotajwa katika karatasi ya dawa zipite, na kwa kuwa mtoto hula akiwa palepale shambani, ni afadhali kishamba chake kisinyunyizwe dawa kabisa. Samadi iwe imeoza vizuri. Mtoto avae viatu, kwa maana safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu panapokuwa na udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, na kidonda kidogo kilichoguswa na udongo chaweza kuleta pepopunda kwa mtoto ambaye hakuchanjwa. Kisima au bwawa la kunyweshea shamba lifunikwe au lizungushiwe ua kabla ya mtoto kuambiwa, "Nenda ukamwagilie."

Tena kazi isigeuke kuwa utumwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajafikisha miaka 13, na tangu miaka 13 hata 16 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kumwagilia mistari miwili ya mchicha jioni si ajira. Ni nusu saa ya mtoto na mama yake. Lakini mzazi amtoaye mtoto darasani wakati wa kuchuma majani chai hana haki ya kusema kwamba anamfundisha kilimo.

Wapo makarani na wafanya kazi wa mijini watakaosema kwamba habari hizi haziwahusu, kwa kuwa makao yao ni chumba kimoja na mbele yake ni saruji. Jibu limekwisha kuonekana Kibera. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, bustani za magunia zilienea katika mitaa ile, ambako mtu hana hata upana wa kitanda cha ardhi. Gunia hujazwa udongo na samadi. Katikati husimamishwa mkebe usio na kitako, hutiwa mawe madogo, kisha mkebe huvutwa juu kadiri gunia linavyojaa, hata liwe na nguzo ya mawe ipitishayo maji mpaka chini. Miche ya sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na katika matundu yaliyokatwa ubavuni. Matundu ya chini yako sawasawa na kimo cha mtoto wa miaka minne. Hayo yawe yake, na ya juu yawe ya mama.

Naye baba anayefanya kazi mbali, anayefika nyumbani mara moja kwa mwezi, ana wajibu ulio mwepesi lakini mzito. Akifika, na apelekwe kwanza kwenye kishamba kabla ya kuketi kwa chai. Aulize majani haya yametobolewa na nini, mstari huu ulipandwa lini, na asikie majibu mpaka mwisho. Mtoto aliyengojea majuma manne kumwonyesha baba yake boga lake hatasahau kama baba alilitazama boga au alitazama simu.

Si kwamba mafunzo yatatoka kwa wakubwa tu. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wazima walikataa mbegu mpya na njia mpya zilizotoka vyuoni. Walisema baba zao hawakulima hivyo. Mwaka 1902, katika jimbo la Ohio, mkuu wa shule aitwaye A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana katika chama cha kilimo, wakafanya majaribio katika vipande vyao nyumbani. Wazazi waliokuwa hawataki kumsikiliza mtaalamu waliweza kuona juu ya ua wao wenyewe kwamba mahindi ya mtoto yamepita yao. Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyokuja kuitwa 4-H, na Kenya ilipofikia Uhuru ilikuwa na vyake, vilivyoitwa 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baadaye vilififia katika shule nyingi, vikazinduliwa upya mwaka 2021. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, nao umeleta kazi za mikono na bustani karibu na mtoto. Jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya wazazi huzifanya kazi hizo wenyewe usiku, wakapiga picha ya mche walioupanda wao, mtoto apate alama. Jembe lilikuwa adhabu. Sasa limekuwa mtihani wa mzazi. Katika mambo yote mawili mtoto hakupanda kitu.

Upande wa pili wa mafunzo haya uko kwa nyanya. Mboga kama managu, saga, mrenda na kunde zilidharauliwa kwa muda mrefu kuwa ni chakula cha maskini, na majina ya nyingine yalikuwa karibu kupotea pamoja na wazee. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa walipokuwa wakikusanya habari za vyakula vya asili pamoja na UNESCO miongoni mwa Waisukha wa Kakamega na Wapokot, waliwatumia watoto wa shule za msingi, ambao waliwauliza wazee wao na kuandika. Mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha kazi hiyo ya Kenya miongoni mwa mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Mtoto ambaye amepata mbegu za saga kutoka kwa nyanya yake, zikiwa zimefungwa katika kitambaa, amepata vitu viwili kwa mkono mmoja, na kila apandapo atakuwa na neno la kwenda kumwuliza.

Limebaki jambo la mapato. Kishamba kikizaa zaidi ya mlo mmoja, mama na amwulize mtoto kama anauza, na wapatane bei ya soko. Fungu la shilingi ishirini liwe shilingi ishirini. Pesa hizo zisiwekwe "kwa ajili yako" katika mfuko wa mama zisionekane tena. Zitiwe katika mkebe wa mtoto, hata kama atazimaliza kwa peremende juma la kwanza. Huenda juma la pili akanunua mbegu. Na wageni wakifika siku ya Jumapili, na mboga zilizo karibu na jiko zikawa ni zile za mtoto, mama na atume mtu amwombe kwanza. Akikataa, mama atembee mpaka kwenye mistari yake mwenyewe.

Katika sehemu za milimani, ambako mvua ndefu huanza mwezi wa Machi, kishamba yafaa kilimwe mwezi wa Februari na kutiwa samadi iliyooza, ili mbegu ziingie ardhini mvua ya kwanza inaposhika. Mchicha uliopandwa wakati huo huwa tayari shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, na mtoto huwa nyumbani kuuchuma.